Pesa mkononi kabla ya mvua: msaada wa fedha taslimu unavyofanya kazi katika kaya ya mkulima

Katika kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, mkulima wa ekari moja huvuna mahindi mwezi wa saba au wa nane, na wengi huanza kuyanunua tena kabla mwaka mpya haujafika mbali. Aliyeuza gunia la kilo 90 kwa bei ya chini mwezi wa nane ndiye huyohuyo anayesimama sokoni mwezi wa tano akipimiwa gorogoro (kopo la kupimia nafaka) mojamoja kwa bei iliyokwisha kupanda. Hesabu anaijua vizuri. Ila mwezi wa nane karo ya muhula wa tatu inadaiwa, deni la dukani limefika kikomo, na mahindi ndiyo pesa pekee iliyomo nyumbani.

Anayetaka kuelewa kwa nini kumpa mkulima maskini fedha taslimu, badala ya mbuzi, unga au semina, kumeleta matokeo yaliyowashangaza wengi, aanzie kwenye kalenda hiyo. Pesa za kaya ya aina hii hupotea katika wiki zilezile ambazo shamba linazidai. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu msaada wowote wa fedha ni unafika lini na kwa umbo gani. Kiasi kinafuata.

Wiki ambazo shamba linadai

Mvua ndefu huanza katikati ya Machi. Kabla ya hapo shamba liwe limelimwa, na mbegu na mbolea ziwe ndani. Ekari moja ya mahindi inataka kilo 10 za mbegu chotara, yaani pakiti tano za kilo mbili. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP wakati wa kupanda. Na mfuko mwingine wa mbolea ya CAN wa kukuzia mahindi yanapofika magotini, kwenye wiki ya nne hadi ya sita. Palizi ni mbili. Serikali ya Kenya ilishusha bei ya mbolea ya ruzuku hadi shilingi 2,500 kwa mfuko mwaka 2023, kwa hiyo hata anayeipata kwa bei hiyo anahitaji 5,000 za mbolea peke yake, kabla ya nauli ya kuileta. Ukiongeza mbegu, plau ya ng'ombe na vibarua wa palizi, ekari moja inapita shilingi 15,000 kwa urahisi, na karibu zote zinatakiwa kati ya Februari na Mei. Hiyo ndiyo miezi ambayo ghala limebaki tupu.

Familia isiyo na akiba ina njia chache za kuvuka, na kila moja inakula mavuno yajayo. Inaweza kupanda punje zilizobaki za mwaka jana, lakini punje za mahindi chotara zikipandwa tena hazizai kama zile za pakiti. Inaweza kuutandaza mfuko mmoja wa mbolea kwenye ekari mbili, au kupanda bila mbolea kabisa. Inaweza kukodisha kipande cha shamba kwa mwenye pesa kwa msimu mzima, kwa bei anayoitaja yeye. Njia ya kawaida zaidi, na ndiyo inayoumiza zaidi, ni kwenda kibarua.

Kibarua kinafaa kutazamwa kwa karibu, maana kwa juujuu kinaonekana kama kipato cha ziada. Mahindi husongwa vibaya na magugu katika wiki sita za mwanzo. Palizi ya kwanza ikichelewa kutoka wiki ya tatu hadi ya sita, hasara haifutiki hata shamba likisafishwa vizuri baadaye. Na wiki ya tatu ya shamba la mkulima maskini ndiyo wiki ya tatu ya shamba la jirani mwenye uwezo, kwa kuwa mvua imewanyeshea siku moja. Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakwenda kupalilia kwa jirani ili jioni apate unga, na shamba lake linangoja. Ujira anaupata siku hiyohiyo. Gharama anailipa mwezi wa nane, akivuna magunia matano mahali palipoweza kutoa kumi na tano. Magunia hayo matano yanaisha mapema, na mwaka unaofuata anaanza kibarua mapema zaidi.

Watafiti wamepima uzito wa suala hili la wakati. Huko Busia, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walionyesha, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011, kwamba wakulima wakipewa nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya mavuno, nayo ikaletwa bila nauli, wanaitumia kwa kiwango kinachokaribiana na kupunguziwa nusu ya bei wakati wa kupanda. Katika eneo la Webuye na jirani zake, Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walifuatilia wakulima waliokopeshwa wakati wa mavuno ili wasilazimike kuuza mahindi papo hapo. Waliyaweka hadi bei ipande, na faida ikafika takriban asilimia 29 ya mkopo. Mahindi yalikuwa yaleyale na shamba lilelile.

Mkupuo au mwezi kwa mwezi

Msaada wa fedha huja kwa maumbo mawili makuu: kiasi kikubwa kwa mkupuo, au kiasi kidogo kila mwezi au kila baada ya miezi miwili. Watu hubishana ni upi bora kana kwamba ni kitu kimoja kilichofungwa tofauti. Ndani ya nyumba vinafanya kazi mbili tofauti.

Utafiti wa kwanza mkubwa kupima jambo hili Kenya ulifanyika Rarieda, Siaya, kati ya 2011 na 2013, kwa fedha zilizotolewa na shirika la GiveDirectly kupitia M-Pesa. Waliouendesha ni Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro. Huyu wa pili ni mmoja wa waanzilishi wa shirika lenyewe, jambo ambalo msomaji anastahili kulijua. Kura iliamua nani apokee kwa mkupuo na nani kwa awamu za kila mwezi. Waliopokea mwezi kwa mwezi walionekana zaidi kwenye chakula: usiku wa kulala njaa ulipungua. Waliopokea kwa mkupuo walionekana zaidi kwenye mali za kudumu, hasa mabati. Kupokea mke au mume hakukuleta tofauti kubwa katika mambo mengi yaliyopimwa. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka.

Hilo la pombe ndilo linaloulizwa kwanza katika kila baraza, kwa hiyo lijibiwe kikamilifu. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti za nchi mbalimbali na kutafuta kama fedha za msaada huishia kwenye chupa na sigara. Kwa jumla hawakuona ongezeko, na mahali pengi walikuta upungufu. Wapo watu wanaokunywa fedha zao, kama walivyopo kwenye mishahara. Lakini aliyekuwa akinywa ili asahau deni hupata nafuu deni likilipwa, na kaya iliyokwisha kupanga bati au ng'ombe hulinda pesa yake kwa wivu.

Tukirudi kwenye mkupuo na awamu, mfano wa karibu ni jaribio la muda mrefu lililofuata katika kaunti za Siaya na Bomet. Katika baadhi ya vijiji kila mtu mzima aliahidiwa takriban shilingi 2,250 kila mwezi kwa miaka 12. Katika vingine ilikuwa kiasi hichohicho kwa miaka miwili tu, na katika vingine tena fedha za miaka miwili zilitolewa kwa mkupuo. Matokeo ya miaka miwili ya kwanza yalitoka mwaka 2023. Watu hawakuacha kufanya kazi. Walichoacha, kwa kiasi fulani, ni vibarua vya mashamba ya watu, wakahamia biashara zao wenyewe. Waliopokea kwa mkupuo na walioahidiwa miaka 12 walianzisha biashara zaidi kuliko wale wa miaka miwili.

Sababu ya wale wa miaka 12 kufanana na wa mkupuo iko kwenye chama, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu. Mtu mwenye uhakika kwamba pesa itakuja mwezi ujao na mwaka ujao anaweza kuahidi wenzake. Chukua watu 12 wanaotoa shilingi 1,500 kila mmoja kwa mwezi: kila mwezi mmoja wao anaondoka na 18,000, fedha za kutosha kuhudumia ekari msimu mzima au kununua ndama. Kwa njia hiyo awamu ndogo zinageuka mkupuo, na familia inabakiwa na 750 za chumvi, sabuni na mboga. Aliyeahidiwa miaka miwili tu anaingia kwenye mzunguko akijua kwamba huenda zamu yake ikafika msaada ukiwa umekaribia kwisha, na wenzake wanalijua hilo pia.

Kwa maoni yetu, kaya inayolima kwa mvua inafaidika zaidi na mkupuo unaofika Januari au Februari, mradi sehemu yake itengwe mapema kwa chakula. Awamu za kila mwezi zinafaa zaidi kwa wazee, wagonjwa na wasio na ardhi ya maana. Mkupuo unaofika Mei, katikati ya njaa na baada ya kupanda, unapoteza nusu ya nguvu yake kwa sababu madeni yamekwisha kuupiga foleni.

Shilingi 87,000, kutoka barazani hadi kwenye simu

Utafiti mkubwa zaidi wa aina hii uliendeshwa Siaya na kuchapishwa mwaka 2022 na Dennis Egger, Johannes Haushofer, Edward Miguel, Paul Niehaus na Michael Walker. Ulihusu vijiji 653, na kaya zaidi ya 10,500 zilipokea takriban dola 1,000 kila moja. Kwa shilingi zilikuwa 87,000, zikalipwa mara tatu: 7,000 kwanza, 40,000 miezi miwili baadaye, na 40,000 nyingine miezi sita baada ya hapo.

Hatua zake zinafaa kujulikana na yeyote ambaye kijiji chake kimefikiwa na mpango kama huu. Kwanza huitishwa baraza pamoja na chifu na wazee, pesa ielezwe inatoka wapi na kwamba hairudishwi. Kisha wahesabuji hupita nyumba kwa nyumba. Baadaye hupita watu tofauti kuhakiki yaliyoandikwa, ili mhesabuji mmoja asiweze kuuza nafasi. Mpokeaji husajili laini ya simu kwa kitambulisho chake mwenyewe. Malipo ya kwanza ya 7,000 huwa kipimo: je, jina la laini linafanana na jina la daftari, na je, mama ameitoa mwenyewe au ni mtoto wa kaka yake aliyeshika simu? Kosa likionekana hapo, zile 40,000 hazijaondoka bado.

Fedha zikifika, hesabu ya kaya yenye ekari moja na watu sita huwa hivi. Watu sita wanaokula kilo mbili za mahindi kwa siku humaliza gunia la kilo 90 kwa siku 45. Kutoka mwanzoni mwa Februari hadi mahindi mabichi ya mwezi wa saba ni magunia matatu na nusu hivi. Anayeyanunua Januari kwa gunia zima analipa kidogo kuliko atakayepimiwa gorogoro hadi Juni, na kilicho kikubwa zaidi, ameununua muda wa mama kupalilia shamba lake. Baada ya chakula inafuata pembejeo, kisha madeni yanayozaa riba, na ndipo mali za kudumu. Mpangilio ukigeuzwa, mali ikatangulia, ng'ombe aliyenunuliwa Februari huuzwa Mei kwa hasara ili watu wale.

Mali ya kwanza kwa wengi wa Siaya imekuwa paa, na wapo wanaolalamika kwamba bati halizai. Tulitazame vizuri. Paa la nyasi linataka kuzibwa au kuezekwa upya kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, na nyasi nzuri zimeadimika kadiri mashamba yanavyogawanywa. Kuna fundi wa kulipwa, kuna siku za kukata na kubeba nyasi, tena kwa kawaida kabla ya masika, wakati shamba nalo linaita. Likivuja, linaloza gunia lililohifadhiwa chini yake. Bati linafuta gharama hiyo kwa miaka mingi. Nyumba ya mita tano kwa sita ina paa lisilopungua mita 30 za mraba, na kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 20 usiku mmoja ni lita 600, na hata ukitoa zinazomwagika unabaki na 500 kwenye tangi ukiwa na mfereji mzuri. Kwa mwanamke anayechota maji mtoni kwa mtungi wa lita 20, hizo ni safari 25.

Pesa inayotoka nje ya boma

Hofu ya wachumi ilikuwa kwamba vijiji vikimiminiwa fedha, bei zitapanda na wasiopokea wataumia. Kwenye utafiti wa Siaya bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu, kiasi ambacho mtu hakihisi dukani. Na kila dola iliyoingia ilizalisha shughuli za uchumi za takriban dola 2.5 katika eneo hilo. Kaya zisizopokea ziliongeza matumizi yao karibu sawa na zilizopokea.

Inawezekanaje? Biashara za vijijini nyingi huwa zimekaa chini ya uwezo wake. Mashine ya kusaga inayosaga madebe kumi kwa siku inaweza kusaga thelathini bila kununuliwa nyingine. Mwenye kiosk anashinda amekaa. Fundi seremala ana siku tatu za kazi kwa wiki. Mteja akiongezeka, wote hao wanauza zaidi bila kupandisha bei. Fundi aliyeezeka nyumba ya mpokeaji ananunua samaki kwa mama ambaye hakupokea, na yule mama analipa karo. Hali ingekuwa tofauti mahali ambapo barabara imekatika na bidhaa hazifiki. Huko fedha nyingi hukimbizana na magunia machache, na chakula chenyewe huwa msaada bora.

Yanayoharibika, na kwa nini

Kosa la kwanza hutokea kwenye uchaguzi. Siaya walianza kwa kipimo rahisi: nyumba ya nyasi inapokea, ya mabati haipokei. Kipimo hicho ni cha bei nafuu na kila mtu anakiona, lakini kinamwacha mjane aliyeezekewa na mwanawe wa Nairobi na ambaye hana kitu cha kula. Pia kinawapa watu sababu ya kuhamia kwenye kibanda cha nyasi siku ya kuhesabiwa. Ndiyo maana baadhi ya mipango ya baadaye iliamua kulipa kijiji kizima. Inagharimu zaidi kwa kila kijiji, lakini inapunguza chuki kati ya nyumba na nyumba, na chuki kijijini haiponi kwa urahisi.

La pili ni uvumi. Mwaka 2015, mpango ulipoingia kaunti ya Homa Bay, karibu nusu ya waliostahili walikataa. Ilisemwa kwamba pesa ni za waabudu shetani, kwamba atakayepokea atapoteza mtoto. Ni rahisi kuwahukumu watu hao kutoka mbali. Lakini mtu ambaye kila fedha aliyowahi kuahidiwa ilikuwa na ndoano, ya kura, ya dini au ya mkopo, ana haki ya kuuliza kwa nini mgeni amletee mshahara wa miezi mingi bila kudai chochote. Dawa iliyofanya kazi ni ya polepole: kuzungumza na wachungaji, masheikh na wazee kabla ya kuhesabu, na kuwaleta wapokeaji wa kijiji jirani waseme wenyewe.

La tatu ni wizi, na hufanyika mahali fulani panapojulikana: pale laini ya simu inapoachana na mwenyewe. Katika Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, GiveDirectly ilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban dola 900,000 zilielekezwa kwingine na baadhi ya wafanyakazi wake walioshirikiana na watu wa nje, zikakosekana kwa familia zaidi ya 1,700. Kwa sababu za usalama, utaratibu ulikuwa umelegezwa na wafanyakazi wakaruhusiwa kuwasajilia wapokeaji laini palepale walipoandikishwa. Mtu yuleyule akawa ameshika orodha na laini. Mahali popote penye usajili wa namna hiyo, kijiji kina haki ya kuuliza laini imebaki kwa nani.

Kwa kiwango kidogo wizi huo hutokea kila siku kwa wakala. Bibi asiyesoma humpa kijana simu na namba ya siri. Kijana anatoa 40,000 na kumkabidhi 38,000. Au wakala anasema hana fedha za kutosha, anamtolea kwa mafungu matatu, na makato yanalipwa mara tatu. Namba ya siri isitajwe hata kwa mjukuu, ujumbe wa salio usomwe na mtu wa pili anayeaminika, na kiasi kikubwa kitolewe mjini au kwa siku zilizopangwa na wakala.

Hasara nyingine ni ya mifugo. Kuku ndiye mnyama wa kwanza kununuliwa na wa kwanza kufa. Mdondo, au kideri, huweza kufuta banda zima ndani ya wiki moja. Chanjo ya tone la jicho ni ya bei ndogo ikigawanywa na majirani, kwa kuwa kichupa kimoja kina dozi nyingi, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Anayenunua kuku 20 bila chanjo amenunua bahati nasibu. Ng'ombe wa gredi ni hatari kubwa zaidi. Anataka majani ya kutosha mwaka mzima, maji mengi kila siku, na kuogeshwa dhidi ya kupe wanaoleta ndigana kali. Kwenye ekari moja iliyokwisha kupandwa mahindi, mbuzi wawili au ng'ombe wa kienyeji ni uamuzi wa busara zaidi.

Na mahindi yaliyowekwa yasubiri bei? Yanaharibiwa na dumuzi, mdudu anayetoboa punje, pamoja na unyevu. Yakaushwe hadi unyevu uwe kama asilimia 13. Asiye na kipimo atie punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, atikise na kuacha dakika kadhaa: chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Kisha yafungwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la nje. Hewa ikiisha, dumuzi hufa bila dawa. Tundu moja la panya linaharibu kazi yote.

Fedha kidogo za serikali

Mipango ya serikali hutoa kidogo, lakini hufika mbali zaidi. Nchini Kenya, Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kaya zenye yatima na watoto walio hatarini, na watu wenye ulemavu mkubwa. Tanzania ina Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), uliofikia kaya zaidi ya milioni moja. Katika kipindi chake cha kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 za Tanzania kwa mwezi, ikiongezwa kwa watoto wanaohudhuria kliniki na shule hadi kufikia 38,000, na hulipwa kila baada ya miezi miwili. Walengwa wenye nguvu waliongezewa ajira za muda kwa shilingi 2,300 kwa siku.

Kiasi cha namna hii hakitoshi mfuko wa mbolea, lakini kinatosha kuzuia mambo mawili: kuuza chakula kwa bei ya kutupa na kumtoa mtoto shuleni. Kwenye majaribio yaliyoanza 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, kaya zilizopokea zilikata bima ya mfuko wa afya ya jamii kwa wingi zaidi na zikaongeza kuku. Kwa walengwa wengi njia ya kukuza fedha hizi imekuwa vikundi vya kuweka na kukopa.

Adui wa mipango hii ni kuchelewa. Malipo ya Inua Jamii yamewahi kukaa miezi kadhaa na kulipwa kama malimbikizo. Kwenye makaratasi jumla ni ileile. Kwa mzee aliyekopa unga akitegemea pesa ya Machi, malimbikizo ya Juni yanakwenda moja kwa moja kwa mwenye duka, na mbegu ya msimu huo haikununuliwa. Serikali ikitaka kuongeza thamani ya fedha hizi bila kuongeza hata shilingi, ilipe kwa tarehe inayojulikana, na malipo ya kabla ya masika yasikose.

Ambayo pesa ya kaya haifikii

Mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya yana udongo wenye asidi, na DAP ikirudiwa mwaka hadi mwaka huizidisha. Mkulima aliyepata fedha akaongeza mbolea ileile anaweza kuona mavuno yakisimama. Kupima udongo, kisha kutia chokaa ya shambani pale inapohitajika, kungemfaa kuliko mfuko wa pili. Kiduha, yale maua mazuri ya zambarau yanayonyonya mizizi ya mahindi, hakiondolewi na fedha wala na jembe peke yake: mbegu zake hudumu ardhini miaka mingi. Kinataka kung'olewa kabla hakijachanua, kuzungusha mazao, na desmodiamu, mmea wa malisho, kupandwa katikati ya mistari ya mahindi. Mambo haya yanahitaji afisa ugani anayefika, na afisa huyo halipwi kutoka kwenye simu ya mpokeaji.

Jambo hili limeonekana waziwazi zaidi kwenye uhai wa watoto. Watafiti waliorudi katika vijiji vilevile vya Siaya walichapisha mwaka 2025 kwamba vifo vya watoto wachanga chini ya mwaka mmoja vilipungua karibu nusu katika kaya zilizopokea dola 1,000. Mama wajawazito walipunguza kazi ngumu katika miezi ya mwisho na baada ya kujifungua, walikula vizuri zaidi, na wengi zaidi walijifungulia hospitalini. Mama aliyekuwa akipalilia kwa jirani akiwa na mimba ya miezi minane alibaki nyumbani, na alikuwa na nauli ya pikipiki uchungu ulipoanza usiku. Lakini punguzo hilo lilikuwa kubwa hasa kwa waliokaa karibu na kituo chenye daktari. Kwa waliokuwa mbali, pesa ilikuwepo, na hapakuwa na mahali pa kufika kwa wakati.